Sukari Iondoke

Juzi jirani yangu alimwaga maji kwenye lundo la nyasi kavu za mbuzi wake, na ile harufu ikaruka ukuta ikanikuta nakunywa chai. Harufu ya nyasi kavu zikilowa, mnaijua? Ina kidogo cha paa la zamani lililonyeshewa na kidogo cha togwa iliyoanza kuchachuka. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia nimemkumbuka Bibi na Kwaresima yake ya mwezi wa saba. Akanitazama, akavuta kikombe chake, akaendelea kunywa. Huyu hajakulia Songea, simlaumu. Ninyi wenzangu wa rika langu mtanielewa.

Kwanza niseme jambo moja kuhusu lugha, maana kisa chote kimesimama juu ya herufi moja. Nyumbani kwetu tulisema Kingoni. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha sokoni na cha wageni, na Kiswahili chetu hakikumpa mnyama ile heshima ya "a". Sisi tulisema mbwa imebweka, mbuzi imetoroka, ng'ombe imezaa. Mwalimu wetu alihangaika nasi jamani. "Mbwa amebweka!" anasema. "Mbwa amebweka!" tunaitikia darasa zima, madirisha yanatikisika. Kengele ikilia tu, tukishavuka geti, mbwa inabweka tena.

Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja kubwa upande wa Madaba. Shamba lilipofungwa, farasi wengine walipakiwa kwenye malori wakaenda zao. Akabaki jike mmoja wa makamo, mweupe, mwenye macho ya upole na tumbo la kukaa kitako, ambaye hakuna aliyemtaka. Jina lake Sukari, kwa sababu ya ule weupe. Baba akaambiwa, ukimtaka mchukue. Basi akamchukua. Akaja naye kwa miguu barabara ya Njombe yote hiyo, akilala kwa ndugu na jamaa njiani, na siku alipoingia mjini nyuma yake palikuwa na watoto wengi kuliko wa maandamano. Baba alikuwa amekonda. Farasi wala.

Kule shambani Sukari alikuwa akipigiliwa vyuma kwenye kwato. Vile vyuma viling'oka njiani kimoja kimoja, na Songea nzima hapakuwa na mtu wa kumpigilia vingine, kwa hiyo alifika kwetu peku. Bibi, mama yake Baba, alitoka nyumbani kwake pale nyuma ya uwanja wetu, akamzunguka farasi, akamtazama miguu kwanza.

"Peku kama mimi," akasema. "Hii imefika nyumbani."

Bibi yangu hakupenda viatu. Alikuwa na jozi moja ya kanisani, na hiyo alikwenda nayo mkononi, akaivaa mlangoni, akaivua mara tu padri akishatoa baraka. Ukimwambia avae ndala, anakuuliza, "Mungu aliponiumba alisahau nini?" Na Bibi alikuwa na sukari. Ndivyo tunavyosema: fulani ana presha, fulani ana sukari. Kwa hiyo nyumba yetu ikawa na sukari tatu: ya kwenye kopo, ya kwenye damu ya Bibi, na ya kwenye zizi. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwa na habari ya hiyo ya katikati. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakiniuliza kwa huruma, "Eti mama, ni kweli bibi yako ana sukari?" mimi nilijibu kwa majivuno, "Ndiyo! Na mimi huwa naipanda."

Hospitali walishamwambia Bibi aache chai tamu, apunguze ugali wa sembe, ale dona kidogo na mboga nyingi, avae viatu. Bibi alirudi kutoka huko amenuna. "Kwa hiyo nibaki na nini?" alimwuliza Baba. "Nibaki na rozari?" Akaendelea kunywa chai yake kama kawaida, ya rangi, moto, tamu ya kufunga midomo. Kwa baridi ile ya Songea ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, hata mimi simlaumu.

Sasa farasi anakula nini? Hapo ndipo penye kisa. Baba alijua kumsugua farasi, kumfunga tandiko, kumtuliza akishtuka, lakini kule shambani chakula kilikuja tayari kwenye magunia, kazi yake ilikuwa kumimina tu. Aliporudi nyumbani akasema farasi anakula majani. Bibi akacheka.

"Majani! Mgeni ametembea kutoka Madaba, wewe unampa majani. Umelelewa na nani wewe?"

Ilikuwa msimu wa mavuno. Mnajua Songea ya baada ya mavuno ilivyo: mahindi kila mahali, mashine zinasaga kutwa, viazi vitamu vimelundikana, hakuna mwenye roho ya uchoyo. Asubuhi Bibi alimkorogea Sukari pumba kwa maji ya moto, akanyunyizia sukari kiganja kizima "ili ijue imeitwa kwa jina lake." Mama alikuwa na genge la matunda na viazi Majengo, jioni alirudi na ndizi zilizoiva kupita kiasi na viazi vilivyokatika, vyote vya Sukari. Mzee Komba, jirani yetu fundi viatu, alikuja na mabua ya miwa. Wanawake wa jumuiya wakija kusali kwetu, walileta ugali uliobaki, umefungwa kwenye majani ya mgomba kana kwamba wanakwenda kumwona mzazi. Siku moja Sukari alikunywa togwa ndoo nzima, akabeua, mtaa mzima ukashangilia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mzee Komba alikuwa akisema, na kweli tulikuwa tumepona. Sijawahi kuona nyumba yetu ina furaha vile. Kila aliyepita alisimama, alimpa kitu, alipiga stori. Nilikuwa mtoto wa watu wenye farasi, nani kama mimi? Sukari naye akanawiri. Akawa mviringo. Juu ya shingo pakamwota nundu ngumu kama mkate wa jana, na watu wakaishika wakasifia.

"Imependeza!" walisema. "Imekuwa bibi harusi!"

Halafu miguu ikaanza.

Mwanzo alikataa kukanyaga kokoto za njiani. Kisha akakataa hata uwanja uliofagiliwa. Akasimama mahali pamoja, miguu ya mbele ameitupa mbele, mwili ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa anayetafuta pa kuutua mguu. Nikimpelekea kiazi ananyoosha shingo tu, haji. Nilikuwa nimezoea anifuate uwanja mzima ananipumulia kisogoni, na sasa hanifuati. Niliumia, nawaambia. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mwenyewe.

Mtaa mzima ulijua jibu. "Ni peku! Farasi ya kizungu ile, imezoea viatu. Mnaitembeza peku kama mbuzi, mnategemea nini?" Baba mwenyewe aliamini hivyo, na alikosa raha kwa sababu viatu hakuwa navyo. Mzee Komba akajipiga kifua.

"Viatu? Mimi nipo, halafu mnahangaika kutafuta viatu?"

Akaja na kipande cha kamba kumpima kwato, anaongea peke yake, anaandika kwa chaki ukutani kwetu. Kesho yake akaleta makatambuga. Manne! Ndugu zangu, makatambuga halisi, ya tairi la lori, ya mviringo kama sahani, yana mikanda miwili ya mpira na kifungo kwa nyuma. Watu walijaa uwanjani kama siku ya kipaimara. Baba alimshika kichwa, Mzee Komba akapiga magoti, akamvalisha kimoja kimoja huku anamwimbia taratibu. Vyote vikaingia! Tukapiga makofi. Sukari akavitazama. Akainua mguu mmoja juu, akaukung'uta, akauinua mwingine, akaukung'uta. Katambuga la kwanza likapita juu ya kichwa cha mama mmoja wa jumuiya likatua kwenye sufuria ya maharage. La pili hatukuliona mpaka jioni, lilikuwa juu ya bati. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini mimi nilimwona Baba akimtazama farasi, naye hakucheka. Baada ya kumaliza fujo zake Sukari alikuwa anatetemeka, na jasho lilimtoka kwa baridi ile.

Siku ile Baba hakula. Kesho yake akaenda kumtafuta daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, mgeni mjini, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu kikazi. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kila neno lilikaa mahali pake, na mimi nilimpenda kwa kumsikiliza tu, ingawa nusu ya aliyosema sikuyaelewa. Alimwamkia Mama, akavua saa, akachuchumaa mbele ya Sukari, akaweka kiganja kwenye ukwato. Akaweka kwenye wa pili. Akapapasa ile nundu ya shingoni.

"Anakula nini huyu?"

Ilikuwa kama kuuliza nani anataka kusifiwa. Baba akataja pumba na kile kiganja cha sukari. Mama akataja ndizi na viazi. Mzee Komba, aliyekuwa amechungulia kwenye ua, akataja miwa kwa sauti, asije akasahaulika. Daktari alikuwa anatikisa kichwa tu, na kadiri alivyotikisa ndivyo walivyoongeza, wakidhani anawakubali.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mzee Komba akamalizia.

"Naona mwenyeji amepona," daktari akasema. "Mgeni ndiye anakufa."

Akaniona nimesimama pale na mdomo wazi, akaniomba nimletee maji ya kunawa. Nilikimbia jikoni kwetu kuchukua beseni. Nikarudi nalo nusu ya maji yameshamwagika, na nilipofika kwenye kona ya nyumba nikamsikia akimalizia, kwa ile sauti yake iliyonyooka:

"Nadhani tumeelewana. Sukari iondoke hapa leo hii hii. Isionekane tena. Ikibaki, mimi sitarudi, mtakuja kuzika tu."

Na Baba yangu, baba yangu mzazi, akajibu, "Itaondoka, daktari. Nitaiondoa mwenyewe."

Sukari iondoke! Mtoto wa Tanga angesikia ile "i" akajua ni ya kwenye kopo, maana farasi kwao angeondoka kwa "a". Mimi je? Kwetu mbuzi inatoroka, mbwa inabweka, na Sukari inaondoka. Niliweka beseni chini. Watu wazima wakaenda kwa mbele kukagua yale magunia ya pumba, na mimi nikakimbilia kwa mtu mmoja tu duniani aliyeweza kumshinda Baba.

Bibi alikuwa kitandani kwake anapaka mafuta magoti.

"Bibi! Kuna daktari amekuja! Amesema Sukari iondoke leo leo, na Baba amekubali!"

Bibi aliinuka kama msichana. "Daktari? Wamefika mpaka hapa?"

"Amesema isionekane tena! Baba anasema ataiondoa mwenyewe!"

"Mwanangu wa kumzaa!" Bibi akashika kiuno. "Nimemnyonyesha miaka, leo ananiletea daktari nyumbani kwa siri! Haiondoki. Sikia, mke mwenzangu, nasema haiondoki. Waje waitoe mikononi mwangu nikiwa maiti."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Bibi dakika ile. Machozi yalinitoka. "Tuifiche, Bibi."

"Tuifiche," akasema, tayari anajifunga khanga. "Jikoni. Chini ya kuni. Wewe kaa mlangoni utazame kama wanakuja, mimi naificha."

Nilisimama mlangoni kidogo nikawaza. Chini ya kuni? Farasi? Bibi alikuwa mtu wa imani kubwa, lakini mgongo wake ulikuwa wa mtu mzee, ataiburutaje peke yake? Nikaona nimsaidie. Nikaenda zizini, nikashika kamba, nikambembeleza Sukari kwa maneno yote matamu niliyoyajua. Jiko la Bibi lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, kibanda cha udongo chenye mlango mpana wa bati, na njia yake ilikuwa ya nyasi. Alikuja. Polepole, anaguna kila akikanyaga, lakini alikuja. Nikausukuma mlango kwa kisigino, nikamwingiza kichwa.

Ndani Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye jivu, amefukua kuni zake zote, anachimbia kopo kubwa la sukari. Akasikia pumzi kisogoni. Akageuka, pua na pua na farasi.

"Yesu, Maria na Yosefu!"

Kopo likaenda upande wake na mfuniko upande wake. Sukari nyeupe ikamwagika kwenye jivu, na Sukari mwenyewe, maumivu yote yakamtoka akilini, akainamisha shingo akaanza kulamba.

"Wewe mtoto una wazimu? Unaniletea farasi jikoni?"

"Si tunaificha?"

"Tunaficha nini?"

"Sukari!"

Bibi akanitazama. Akalitazama kopo. Akamtazama farasi, pua yote nyeupe, masikio yamelala kwa raha. Nikaona mdomo wake unaanza kucheza upande. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena kwa binadamu mwingine, kicheko cha kupiga mapaja, cha kukosa hewa. Alikaa kitako kwenye jivu na khanga yake safi, akacheka mpaka na mimi, ambaye sikuelewa kitu, nikacheka huku nalia. Hivyo ndivyo alivyotukuta daktari, na nyuma yake Baba, Mama na Mzee Komba wamejazana mlangoni.

"Subhanallah," daktari akasema.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bibi akamjibu kutoka kwenye jivu, na hapo hata Baba akashindwa kujizuia.

Daktari ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alimrudisha Sukari nyuma taratibu, akamfuta pua, akamwambia Bibi, "Bibi, shikamoo. Naomba mkono wako." Akauchukua, akauweka juu ya ukwato wa mbele. Bibi akashtuka.

"Mbona ya moto?"

"Moto huo hautoki barabarani. Kwenda peku si tatizo, farasi wengi wanaishi peku hadi wanazeeka. Moto huu unatoka tumboni. Pumba, ndizi, miwa, hicho kilichoko kwenye kopo, vyote vinateremka mpaka kwenye kwato. Akiendelea hivi atalala, na akilala hatainuka. Sina dawa ya kumwinua. Dawa yake ni chakula."

Nilimshika Sukari mguu nikaanza kulia upya, sasa kwa sababu niliyoielewa. Bibi hakuondoa mkono kwenye ukwato. Daktari akawa anamtazama yeye, si farasi. Akamtazama kidole gumba cha mguu, kilichofungwa kitambaa.

"Na hicho?"

"Nilijikwaa."

"Lini?"

"Tangu... Pasaka, hivi."

"Mpaka leo hakijapona, Bibi?"

"Wewe ni daktari wa ng'ombe," Bibi akasema, lakini bila nguvu.

"Ndiyo. Basi mimi nimesema ya farasi tu. Ya kwako walishakwambia wenyewe."

Alitupatia masharti palepale, tumesimama jikoni. Nyasi kavu, zilizokomaa, si chipukizi. Ziloweshwe kwenye pipa asubuhi na mapema mpaka maji yageuke rangi ya chai, maji yamwagwe mbali asije akayanywa, ndipo apewe, kidogo kidogo, na zitawanywe pembe zote za uwanja ili azifuate. Jiwe la chumvi la kulamba. Maji safi. Kwato zipunguzwe kwa tupa, Baba alijua kutumia tupa. Basi. Hakuna kingine, hata mtu akilia.

"Na atakayemhurumia ndiye atakayemuua," akasema, akatutazama mmoja mmoja. Mzee Komba akaficha mkono wenye muwa nyuma ya mgongo.

Wote tulijua mwenye huruma kubwa ni nani. Jioni ile Baba alikwenda kwa mama yake kumwomba, kwa heshima zote, asimpe Sukari kitu kwa siri. Nilikuwepo. Bibi alikuwa na kikombe chake mkononi, bado hajakinywa. Kupitia mlango wazi tulimwona Sukari anazinusa zile nyasi zilizolowa, anatutazama, anazinusa tena. Hakuzipenda hata kidogo.

"Inaniona," Bibi akasema.

"Nani?"

"Ile farasi. Inaniona nakunywa." Akaweka kikombe chini. "Mtu akifunga, huli mbele yake. Hata mpagani anajua hilo."

"Mama, ile ni farasi."

"Kwani imeomba kufunga?" Akanigeukia. "Mke mwenzangu, mwaga hii chai. Kuanzia leo hapa kwangu ni Kwaresima."

Ilikuwa mwezi wa saba! Nilikwenda kuimwaga nikiwa na wasiwasi kama Bibi yu mzima. Habari zikaenea, na Jumapili katekista akamshika mkono nje ya kanisa. "Bibi, Kwaresima ilikwisha, Kristo ameshafufuka." Bibi akamjibu, "Huyo amefufuka. Farasi yangu bado."

Na alifunga kweli. Pale ambapo hospitali na mwanawe na jumuiya nzima walikuwa wameshindwa, akafunga kwa ajili ya farasi. Aliagiza kiti chake kihamishiwe mbele ya zizi. Asubuhi, ukungu bado mzito, mimi nachota nyasi kwenye pipa, mikono imekufa ganzi, na ile harufu imejaa uwanja mzima, Bibi yuko pale na sahani yake: kipande cha dona na mboga za maboga, chai isiyo na kitu. Wanakula pamoja wanatazamana. Bibi ananung'unika tonge kwa tonge. "Tamu?" anamwuliza. "Na yangu vilevile." Watu walipokuja na ndizi, aliwafukuza kwa fimbo. Mama mmoja wa jumuiya alinuna wiki nzima.

Mimi nilikuwa na kazi moja zaidi niliyojipa mwenyewe. Kila asubuhi niliweka kiganja kwenye kwato kabla ya kwenda shule, kisha nikaenda kwa Bibi kutoa taarifa. Moto. Moto. Moto kidogo. Asubuhi moja niliweka mkono nikauondoa, nikauweka tena, nikashika na jiwe la ukutani kulinganisha. Baridi! Nilipiga kelele mpaka Baba akatoka na sabuni usoni. Tukazishika wote kwa zamu. Bibi alipozishika alifanya ishara ya msalaba, kisha akatazama kidole chake mwenyewe, akakitikisa.

"Hata hiki kimenyamaza," akasema.

Daktari aliporudi alimwambia Bibi jambo moja tu, kwa upole. Farasi ana ukwato, ukwato ni kiatu chake, Bibi hana. Bibi akabisha kidogo kwa ajili ya heshima yake. Mzee Komba alikuwa ameyahifadhi yale makatambuga manne yaliyomvunjia jina, na siku ile ile akayakata upya. Mawili yakatoka jozi ya Bibi. Mawili yakatoka jozi yangu. Tairi lilikuwa gumu, tukitembea tunasikika toka mbali.

Siku ya kumpeleka Sukari barabarani kumjaribu mtaa ulijaa tena, ila safari hii kimya. Kutoka kwetu hadi lami ni njia ya kokoto tupu. Baba alimshika kamba kwa ulegevu. Sukari aliweka mguu wa kwanza, akasimama. Nilikuwa nimeuma khanga ya Bibi kwa meno. Akaweka wa pili. Akapiga hatua, na nyingine, na kwato zake tupu zikaanza kugonga mawe, ko, ko, ko, bila kuchechemea, mpaka Baba akawa ndiye anayekimbilia kamba. Nyuma yake Bibi kwenye makatambuga, pa, pa, pa, na mimi nyuma ya Bibi. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye ua:

"Bibi, nani amepona hapo?"

"Ukianza kumpongeza yeyote, hujakosea!" Bibi akajibu, hakugeuka.

Sukari hakufanya kazi yoyote ya maana maishani mwake kwetu. Alinibeba mimi na watoto wa mtaa Jumapili, alirutubisha bustani ya Mama, akala nyasi zake zilizolowa. Nilimwuliza Bibi Kwaresima itaisha lini. Akasema, "Nitakunywa chai tamu siku ile farasi ikiondoka. Nikiwahi kuondoka mimi, mnywe ninyi." Pasaka zikapita, nyingine zikaja, mimi nikaenda sekondari, Bibi hajaonja. Daktari alihamishiwa mkoa mwingine, na kabla hajaondoka alikuja kutuaga akiwa na zawadi ya chumvi.

Sukari aliondoka kwa uzee, nikiwa likizo. Asubuhi tulimkuta amelala ubavu zizini, ametulia, kwato baridi. Baba na vijana wa mtaa walichimba shimo nyuma ya bustani kutwa nzima. Bibi alikaa kwenye kiti chake mpaka walipomaliza kufukia, na makatambuga yake miguuni, ya kumi sijui ya ngapi, Mzee Komba hakuacha kumtengenezea. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yetu sote.

Jioni Mama alinituma dukani, akasema usiulize, nenda tu. Nilichemsha chai ya rangi, nikaipeleka na kopo jipya na kijiko. Kila mtu uwanjani akawa anajifanya hatazami.

"Bibi," nikasema, "ile Kwaresima imekwisha. Nikuwekee sukari?"

Bibi alifunika kikombe kwa kiganja. Alitazama zizi, lile pipa, zile nyasi za asubuhi ambazo nilikuwa nimeziloweka kwa mazoea tu.

"Acha, mjukuu wangu," akasema. "Sukari ameondoka."

Nilisubiri ajirekebishe. Mtu aliyesema ng'ombe imezaa na mbwa imekufa maisha yake yote, nilidhani ulimi umemteleza. Hakujirekebisha. Alikunywa chai yake yote hivyo hivyo, kisha akaniambia nikamwage maji ya kwenye pipa.